Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Siri za Kampuni na Jasho la Mwenye Hisa Mdogo

Katika nchi yetu mwizi wa kuku hufikishwa kortini asubuhi, na kufikia saa saba mchana tayari yumo gerezani. Jambo hilo tumelisema mara nyingi, na hatutachoka kulisema. Leo, hata hivyo, twataka kumzungumzia mwizi wa aina nyingine, ambaye sifa zake hazijulikani sana vijijini wala makanisani: mtu anayenunua au kuuza hisa za kampuni kwa kutumia siri aliyoipata kwa sababu ya cheo chake, kazi yake au undugu wake na wakubwa, kabla umma haujaelezwa lolote. Sisi tutauita mtindo huu biashara ya siri za ndani.

Huenda msomaji akauliza: mambo ya Soko la Hisa la Nairobi yanatuhusu nini sisi tunaopigania haki za raia, au sisi tunaoketi kanisani kila Jumapili? Yanatuhusu sana. Mfanyakazi anayekatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya Hazina ya Kitaifa ya Hifadhi ya Jamii ni mwenye hisa hata kama hajui, kwa sababu hazina hiyo imewekeza fedha zake katika kampuni za sokoni. Mwalimu aliye katika mpango wa pensheni ni mwenye hisa. Akina mama wa chama cha kanisa waliochangishana wakanunua hisa za Safaricom ni wenye hisa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenye tundu hakijai kamwe. Biashara ya siri za ndani ndiyo tundu lenyewe.

Wizi huu hufanyikaje?

Tuchukue mfano wa kubuni ili jambo lieleweke. Kampuni moja inauza sukari, na hisa yake sokoni ni shilingi 40. Siku ya Jumatatu halmashauri ya wakurugenzi inaelezwa na mhasibu kwamba faida ya mwaka imeporomoka kwa zaidi ya nusu. Habari hiyo haijatangazwa. Jumanne asubuhi mkurugenzi mmoja anampigia simu shemeji yake, na kabla ya jua kutua shemeji ameuza hisa 100,000 kwa shilingi 40 kila moja. Amepokea shilingi milioni nne. Hisa zile hazikuanguka baharini, bali zimenunuliwa na watu. Mmoja wao ni mwalimu aliyenunua 1,000 kwa akiba yake ya shilingi 40,000. Wiki tatu baadaye kampuni inatoa tangazo, na bei inashuka hadi shilingi 22. Mwalimu amepoteza shilingi 18,000. Mkurugenzi na shemeji yake wamejiepusha na hasara ya shilingi milioni 1.8, nao walioibeba hasara hiyo ni mwalimu na wenzake.

Hapana budi tuseme wazi kwamba bei ya hisa kushuka si wizi. Hisa za Safaricom ziliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 kila moja, na kufikia mwanzoni mwa mwaka 2009 zilikuwa zimeshuka chini ya shilingi 3, wakati dunia nzima ilipokuwa imekumbwa na msukosuko wa fedha. Baadaye zikapanda mara nyingi zaidi ya bei ile ya kwanza. Mwenye kununua hisa hukubali kubahatisha pamoja na wenziwe. Asichokikubali ni kucheza karata na mtu ambaye ameziona karata za wote kabla hazijagawanywa.

Mtu wa ndani naye si mkurugenzi peke yake. Ni karani anayepiga chapa kumbukumbu za mkutano, mkaguzi wa hesabu, wakili anayeandika mkataba wa kampuni kununuliwa, ofisa wa benki anayejua kwamba mteja wake ameshindwa kulipa deni, na mchapishaji anayechapa ripoti ya mwaka. Ni mtumishi wa Hazina ya Serikali anayejua lini hisa za shirika la umma zitauzwa na kwa bei gani. Pia ni yeyote aliyenong'onezwa na mmoja wa hao, akijua fika habari ile imetoka wapi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nasi hatujui msemo unaolieleza jambo hili vizuri zaidi ya huo.

Tulikotoka

Soko la Hisa la Nairobi liliundwa mwaka 1954 kama chama cha hiari cha madalali, na katika miaka ile ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kufanya biashara humo. Kwa hiyo soko letu lilizaliwa likiwa klabu ya wachache wanaofahamiana, wanaokula pamoja na kunong'onezana. Uhuru ulifungua mlango, lakini tabia za klabu haziondoki kwa kubadilisha bendera.

Mwaka 1988 Serikali iliuza kwa umma asilimia 20 ya Benki ya Biashara ya Kenya kupitia soko hilo. Mwaka 1989 Bunge likapitisha Sheria ya Masoko ya Mitaji, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ikaanza kazi mwaka 1990. Wasomaji watakumbuka mwaka ule ulikuwa mwaka gani. Huku Wakenya wakipigwa virungu mnamo Saba Saba kwa kudai haki ya kuchagua, Serikali ilikuwa ikiwaeleza wageni kwamba inajenga soko huru la mitaji. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Mwaka 1995 wageni wakaruhusiwa kununua hisa zetu, na mwaka 1996 zikauzwa hisa za Kenya Airways.

Ndipo umma ulipoingia kwa wingi. Hisa za KenGen ziliuzwa mwaka 2006 kwa shilingi 11.90, na siku zilipoanza kuuzwa sokoni bei iliruka zaidi ya mara tatu. Waliokosa wakaapa kutokosa tena. Safaricom ilipokuja mwaka 2008, Serikali iliuza hisa bilioni 10, na mamia ya maelfu ya Wakenya wakapanga foleni, wengine kwa fedha za mkopo. Klabu ikageuka kuwa soko la wananchi, angalau kwa idadi ya watu. Swali letu ni hili: je, sheria za mchezo nazo ziligeuka, au wananchi walialikwa mezani ili wawe chakula?

Sheria ipo, mashtaka yako wapi?

Tusiwadanganye wasomaji kwamba nchi hii haina sheria. Ipo. Sheria ya Masoko ya Mitaji inaikataza biashara ya siri za ndani. Mtu binafsi anayepatikana na hatia mara ya kwanza aweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 2.5 au kufungwa hadi miaka miwili, na juu ya hayo kulipa maradufu ya faida aliyoipata au hasara aliyoiepuka. Mwaka 2013 Bunge liliirekebisha na kupanua maelezo ya mtu wa ndani ni nani na habari ya ndani ni ipi. Kanuni zinaitaka kampuni itoe onyo kwa umma inapotambua kwamba faida yake itapungua kwa asilimia 25 au zaidi ikilinganishwa na mwaka uliotangulia. Maneno mazuri hayajapungua.

Kilichopungua ni vitendo. Juni 2006 milango ya maduka ya Uchumi ilifungwa, miezi michache tu baada ya kampuni hiyo kuwaomba wenye hisa wake fedha mpya. Maelfu ya wafanyakazi na wenye hisa wadogo waliamka wakiwa mikono mitupu. Yakafuata mashtaka dhidi ya watu waliodaiwa kuuza hisa zao wakizijua siri za hali ile. Kesi zikachukua miaka, na mwishowe waliokuwa wameshtakiwa wakaachiliwa huru. Hatusemi kwamba walikuwa na hatia. Mahakama ilikwisha kuamua, nasi twaheshimu uamuzi wake. Twasema tu kwamba kesi hizo ziliufunza umma jinsi ilivyo vigumu, kwa njia ya jinai, kuthibitisha pasipo shaka kwamba mtu fulani aliijua siri fulani siku fulani, kwamba siri hiyo ilikuwa haijatoka nje, na kwamba kwa sababu yake ndipo akauza.

Oktoba 2018 kampuni ya Kifaransa ya Rubis ilitangaza nia ya kuinunua KenolKobil kwa shilingi 23 kwa kila hisa, bei iliyokuwa juu sana kuliko ile iliyokuwapo sokoni. Mamlaka iligundua kwamba kabla ya tangazo lile ununuzi wa hisa hizo ulikuwa umepamba moto kwa namna ya kutilia shaka. Safari hii haikungoja kesi ya jinai. Ilizuia akaunti zilizohusika ili fedha zisitoroke, ikachunguza, na mwaka 2019 ikatoa adhabu za kiutawala. Hatuna haja ya kutaja majina hapa. Tunachokisifu ni njia yenyewe: kuzuia mali kwanza, kuchunguza upesi, na kuacha mlango wa rufaa wazi kwa yule anayeona ameonewa.

Tazameni basi tofauti. Tangu mwaka 1990 hadi leo ni zaidi ya miaka thelathini, na mambo ambayo umma unaweza kuyataja kwa jina ni ya kuhesabika kwa vidole. Ama watu wetu wa ndani ni malaika, ama mlinzi husinzia. Kila msomaji na aamue mwenyewe.

Ya kujifunza kwa wengine

Nchi hii si ya kwanza kusumbuliwa na jambo hili. Nchini Marekani kampuni ya Texas Gulf Sulphur iligundua madini mengi karibu na Timmins, Kanada, mwezi Novemba 1963. Maofisa wake wakaendelea kununua hisa huku umma ukiwekwa gizani hadi Aprili 1964. Mwaka 1968 mahakama ya rufaa ilitamka kanuni ambayo hata mtoto wa darasa la saba aielewa: mwenye siri ya ndani ama aitangaze, ama asiguse hisa hizo. Uingereza, ambayo tuliirithi sheria yake ya makampuni, iliufanya mtindo huu kuwa kosa la jinai mwaka 1980.

Wala mkono wa sheria hauishii kwa watu wadogo. Septemba 2008 Rajat Gupta, mkurugenzi wa benki ya Goldman Sachs, alitoka katika mkutano wa simu wa halmashauri na mara moja akampigia rafiki yake Raj Rajaratnam, mwenye mfuko mkubwa wa uwekezaji, muda mfupi kabla ya soko kufungwa, naye akanunua hisa. Halmashauri ilikuwa imeelezwa kwamba Warren Buffett angewekeza dola bilioni 5 katika benki hiyo. Mwaka 2011 Rajaratnam alihukumiwa kifungo cha miaka 11, na mwaka 2012 Gupta akapatikana na hatia na kufungwa miaka miwili. Ushahidi ulitoka kwa kumbukumbu za simu na mazungumzo yaliyorekodiwa kwa idhini ya mahakama. Kwa hiyo wanaosema kwamba mnong'ono hauachi alama wamekosea. Huacha alama kwa yule mwenye nia ya kuitafuta.

Kuna utafiti mmoja ambao ungefaa kubandikwa ukutani katika ofisi za wakubwa wetu. Wataalamu wawili, Bhattacharya na Daouk, walizichunguza nchi zote 103 zilizokuwa na masoko ya hisa kufikia mwisho wa mwaka 1998. Katika nchi 87 sheria ya kukataza biashara ya siri za ndani ilikuwapo. Katika nchi 38 tu ndimo mtu yeyote alikuwa amewahi kushtakiwa. Tena waligundua kwamba kule kupitisha sheria peke yake hakukupunguza gharama ya kampuni kupata mtaji. Gharama ilipungua pale mtu wa kwanza aliposhtakiwa. Yaani soko halidanganyiki kwa karatasi. Mwekezaji, awe wa Nairobi au wa London, hutazama kama mlinzi anauma au anabweka tu.

Majibu kwa wanaopinga

Wapo wasomi wanaosema kwamba biashara hii haina mwathiriwa. Mtaalamu wa Marekani, Henry Manne, aliandika kitabu kizima mwaka 1966 akidai kwamba mtu wa ndani anapouza au kununua huisaidia bei kuufikia ukweli mapema, na kwamba faida anayoipata ni ujira halali wa ubunifu wake. Hoja hii ina utamu wa asali lakini ndani yake mna nyuki. Kama twataka bei iufikie ukweli mapema, njia iliyo fupi zaidi ni kuutangaza ukweli wenyewe. Na tukimlipa mkurugenzi kwa siri, tutakuwa tumemlipa hata anapoiua kampuni, maana mwenye siri ya hasara huvuna kwa kuuza kama vile mwenye siri ya faida avunavyo kwa kununua. Hatujui mwajiri yeyote ambaye angempa mchungaji wake zawadi kwa kila kondoo aliyekufa.

Wengine husema: soko letu ni dogo, kampuni hazifiki 70, wakubwa wote wamesoma pamoja na kuoana, kila mmoja ni mtu wa ndani, mtamkamata nani? Twajibu kwamba udogo wa soko ndiyo sababu ya kuwa wakali zaidi. Katika kijiji kidogo mwizi mmoja aweza kumaliza mifugo yote. Tena udogo huo humsaidia mchunguzi, kwa kuwa siku ambayo hisa zisizouzwa sana zinauzwa ghafla kwa mamia ya maelfu, hilo huonekana kama moshi juu ya mlima.

Wapo pia wanaosema kwamba nchi maskini ina shida kubwa kuliko hizi: njaa, maradhi, barabara mbovu. Ni kweli. Lakini twaambiwa kila siku kwamba barabara, umeme na viwanda vitajengwa kwa akiba za wananchi. Wananchi nao wataiweka akiba yao wapi, ikiwa sokoni huibiwa? Itarudi kwenye vipande vya ardhi visivyolimwa na chini ya magodoro, na kijana anayetaka mtaji wa kufungua karakana atakopeshwa kwa riba ya kumnyonga.

Serikali kama mtu wa ndani

Hapa ndipo jambo hili linapogusa mapambano yetu moja kwa moja. Katika Kenya, mtu wa ndani aliye mkubwa kupita wote ni Serikali. Ina hisa katika benki, katika umeme, katika simu, katika saruji. Makatibu wakuu huketi katika halmashauri za kampuni hizo, au huwatuma wawakilishi wao. Sera moja ya kodi, leseni moja, bei moja ya umeme huweza kupandisha au kushusha hisa, nayo huamuliwa na watu ambao mwananchi hawaoni.

Itakumbukwa kwamba mwaka 1971 Tume ya Ndegwa iliwaruhusu watumishi wa umma kufanya biashara zao binafsi. Tangu hapo mpaka kati ya ofisi ya umma na mfuko wa mtu ukafifia kama mstari uliochorwa mchangani. Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ya mwaka 2003 ilikataza mtumishi kujinufaisha kwa habari za ofisini zisizojulikana na umma. Katiba ya mwaka 2010 ikaweka Sura ya Sita kuhusu uongozi na uadilifu, na Kifungu cha 35 kuhusu haki ya raia kupata habari. Mwaka 2025 ikaja Sheria ya Mgongano wa Maslahi. Misingi imewekwa, tunachosubiri ni nyumba.

Na tukumbuke Mobitelea. Kampuni hii, iliyosajiliwa katika kisiwa cha Guernsey, ilimiliki sehemu ya Vodafone Kenya, na kwa njia hiyo ikawa na kama asilimia 5 ya Safaricom. Kamati ya Bunge ililichunguza jambo hilo mwaka 2007. Wananchi walipoitwa kununua hisa mwaka 2008, walinunua bila kuelezwa wale waliokuwa nyuma ya Mobitelea ni akina nani. Twauliza: katika soko ambamo mmiliki aweza kujificha nyuma ya kampuni, na kampuni nyuma ya kisiwa, mtajuaje ni nani aliyeuza jana na kwa nini?

Tunayoyadai

Kwanza, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji iwe huru kweli. Mwenyekiti wake huteuliwa na Rais. Uteuzi huo na ufanywe kwa ushindani ulio wazi, na asiondolewe kwa sababu ya kumgusa mkubwa.

Pili, mkurugenzi wa kampuni, mkewe au mumewe, na watu wa nyumbani kwake wanaponunua au kuuza hisa za kampuni hiyo, jambo hilo litangazwe kwa umma katika muda wa siku chache, kwa majina, idadi na bei. Katika majuma yanayotangulia kutangazwa kwa hesabu za mwaka, wasiguse hisa hizo kabisa.

Tatu, onyo la faida kupungua litolewe pale halmashauri inapojua, si mwaka unapokaribia kwisha. Kila siku inayopita kati ya kujua na kutangaza ni siku ya soko la wezi. Tangazo litolewe kwa Kiswahili pia, na lisomwe redioni, kwani mwenye hisa wa Mwingi au wa Kilifi hana dalali wa kumpigia simu.

Nne, hisa zilizowekwa kwa majina ya mawakala na benki zifunuliwe kwa Mamlaka: mwenye nazo hasa ni nani. Tangu mwaka 2020 kampuni zinatakiwa kumpa Msajili majina ya wamiliki halisi. Orodha hiyo na itumike kila siku sokoni, isifungiwe kabatini.

Tano, fedha zinazonyang'anywa mwenye hatia zirudishwe kwa walioumizwa. Madalali wa Nyaga walipoanguka mwaka 2008, wateja walifidiwa kwa kiwango kisichozidi shilingi 50,000 kila mmoja, hata yule aliyepoteza zaidi. Haki isiyofika kwa mwathiriwa ni nusu ya haki.

Sita, katika kila uuzaji wa mali ya umma, orodha ya wote walioijua bei na tarehe kabla ya wananchi iwekwe na kuhifadhiwa, kuanzia waziri hadi mpiga chapa, nao wapigwe marufuku kununua hisa hizo hadi habari zote ziwe mikononi mwa umma.

Saba, alindwe mfanyakazi anayefichua. Mara nyingi ushahidi umo mikononi mwa karani mmoja mwenye watoto wa kusomesha. Tusimwombe awe shujaa huku tukimwacha apoteze kazi peke yake.

Wajibu wetu

Hatuwezi kuyadai haya tukiwa tumeketi. Makanisa yetu mengi yana vikundi vya akiba vyenye hisa, na mwenye hisa hata moja ana haki ya kuingia katika mkutano mkuu wa mwaka na kuuliza swali. Twaona watu wetu wakienda huko wakapokea mwavuli na chupa ya maji, wakarudi nyumbani. Mwaka huu wapeleke maswali matatu: ni mkurugenzi gani aliyeuza hisa tangu mkutano uliopita? Aliuza siku ngapi kabla ya tangazo la mwisho la kampuni? Na ni nani aliye nyuma ya majina ya mawakala kumi wanaoongoza katika orodha ya wenye hisa? Majibu yaandikwe. Wakinyimwa majibu, hilo nalo liandikwe, na barua ifike kwa Mamlaka na kwa kamati ya Bunge inayohusika.

Kamati za Haki na Amani za parokia na mitaa, ambazo zimewafundisha watu kuhusu kura na katiba, ziongeze somo hili. Maandiko yanayosomwa katika ibada zetu yalikataza mizani ya udanganyifu zamani sana, kabla ya kuwapo soko la hisa popote duniani. Mfanyabiashara anayepunguza uzito wa jiwe la mizani na mkurugenzi anayeficha habari huku akiuza hisa zake wanafanya kazi moja.

Wanasheria wenzetu nao wasikae kando. Wapo kati yetu wanaozitunza siri hizi kwa uaminifu, na wapo wanaoziuza. Chama cha Mawakili kisimwonee haya mwanachama wake anapopatikana na hatia hiyo.

Tulipodai mwaka 1990 na 1991 kwamba mambo ya nchi yasiamuliwe na wachache katika vyumba vilivyofungwa, tulikuwa tukizungumza juu ya Ikulu na Bunge. Chumba cha halmashauri ya kampuni kina mlango uo huo. Mtu aliyeuziwa hisa na Serikali yake aliambiwa kwamba sasa yeye ni mmiliki. Basi na aambiwe ukweli pamoja na wamiliki wenzake, siku moja na saa moja. Hilo ndilo dai letu, na tutalirudia katika kila mkutano mkuu hadi litekelezwe.